Kisu cha Urefu wa Kidole Changu

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Mvua ya asubuhi imeuacha mchanga na vidimbwi vidogovidogo, na sasa jua limerudi, wanawake wameanika tena ndagala wao, visamaki vya ziwani, harufu imejaa mpaka ndani. Watu wana furaha ya Ijumaa. Mimi nina hasira.

Nimeamka nayo, nimeswali nayo, nimekula nayo muhogo. Bibi aliniambia asubuhi kwamba nimekunja uso kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Na ni kweli.

Lakini leo nimepata kisu. Kipya, cha kukunja, changu mwenyewe. Kipo hapa kwenye pindo la nguo yangu ninapoandika, na kila ninapojigeuza kinanigusa kiunoni, kana kwamba kinanikumbusha.

Kueleza kinanikumbusha nini, ni lazima nianze na Jumatatu. Bila Jumatatu kingekuwa kisu tu.

Mwalimu wetu aliletwa kutoka pwani ili awafundishe watoto wa huku herufi za Wadachi, wazungu wa boma. Sasa watoto wamekuwa wengi, anatafuta msaidizi. Mmoja wetu, wanafunzi wakubwa, atakaa na wadogo asubuhi, na jioni ataendelea kusoma kwa Mwalimu mwenyewe. Baba amekwisha kusema neno lake: "Mwalimu akikuchagua wewe, utaendelea. Asipokuchagua, basi, mtoto wa kike umesoma kiasi cha kutosha. Utakwenda Minago kwa shangazi yako."

Shangazi hukamua mawese. Nampenda shangazi. Mawese siyataki.

Kwa hiyo Jumatatu, siku ya mtihani, nilifika shuleni mapema na kalamu zangu. Sisi twaandika kwa kalamu za tete, kila mtu huchonga zake. Ile ya chuma ni ya Mwalimu peke yake, nayo hulala ndani ya kijisanduku kama mtoto mchanga. Kalamu zangu zilikuwa zimeanza kuchakaa ncha, nami sikuwa na kisu. Siku zote nimechongea cha Baba, na Baba alikuwa ameondoka nacho kwenda Kizuka.

Feruzi alikuwa na chake. Feruzi ni mwana wa baba yangu mkubwa, yule anayesimamia wapagazi wa boma. Ua wao na wetu umetenganishwa na matete tu. Tumekua pamoja. Alifungua kisu chake kirefu, zawadi ya baba yake, kikalia ta! akaninyoshea mkono. "Lete, dada, nikuchongee. Utaandika vipi na vijiti kama hivyo?"

Nami nilimpa. Nikamshukuru pia.

Hiyo shukrani ndiyo inayonichoma kuliko yote.

Huku kwetu watoto wengi hupita chuoni kwanza, kwenye Kurani, ndipo waje shuleni. Kalamu ya chuoni hukatwa ncha mshazari, kwa sababu mwandiko hutoka kulia kwenda kushoto. Kalamu ya shuleni hukatwa ncha sawa, kama ukucha uliokatwa vizuri. Ukiandika herufi za Wadachi kwa kalamu ya chuoni, ncha inajichimbia kwenye karatasi, inanasa, kisha inaruka, na ikiruka inatema wino. Hakuna kati yetu ambaye hakuwahi kukosea hivyo katika siku zake za mwanzo. Lakini Feruzi si wa siku za mwanzo. Feruzi alizikata kalamu zangu zote mshazari, mshazari mdogo ambao jicho lenye haraka haliuoni, na akazirudisha mkononi mwangu akitabasamu.

Mwalimu alipoanza kusoma maneno ya kuandikwa, kalamu ya kwanza ilitema. Ya pili ikatema. Nilipoelewa, nilikuwa na karatasi iliyojaa madoa na sina kisu cha kuchongea upya, na Mwalimu hamsubiri mtu.

Feruzi alinyosha shingo akaitazama karatasi yangu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwalimu, huku ng'ombe wamepita na kwato zao!"

Darasa zima likacheka. Hata wale wadogo, ambao mwandiko wao ni kama kuku amechakura.

Tangu siku hiyo jina langu si Mwamvua tena. Ni Madoa. Ziwani: "Madoa, hao ndagala wako nao iko na madoa?" Njiani: "Madoa, ukishika mutoto mweupe atageuka chui?" Jana mwanamke mmoja nisiyemjua, mgeni kutoka Gatete, alinisalimu kwa upole kabisa: "Amahoro, Madoa." Alidhani ndilo jina langu.

Mwalimu hakucheka. Aliishika karatasi yangu karibu na dirisha kwa muda, akasema, "Ninayoyaona hayana kosa hata moja. Lakini mengi siyaoni." Kisha akatangaza kwamba mimi na Feruzi tutaandika tena Jumamosi. "Feruzi ana mwandiko, Mwamvua ana maneno. Nataka vyote viwili katika karatasi moja."

Jumamosi ni kesho.

Basi ndiyo wiki niliyokuwa nayo. Mchana nilinyamaza, na moyoni nilipanga kisasi. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikemea: sikupanga kisasi kimoja, nilipanga vitatu, na kila kimoja kilikuwa na kisu chake.

Baba alikuwa ameniahidi kwamba nikihitimu Kurani nitachagua kitu kimoja katika duka la Mzee Hilali, yule anayeleta vitu vya Ujiji kwa mashua. Wasichana wenzangu walichagua shanga. Mimi nilihitimu kabla ya masika nikawa bado sijachagua. Jana jioni nilimwambia Baba nataka kisu cha kukunja. Alinitazama, akamtazama Bibi, akasema ahadi ni ahadi.

Leo asubuhi tukaenda. Nilibeba kikapu, na ndani ya kikapu nilitia tete, kipande cha kamba ya mtumbwi, muhogo na samaki mmoja, mukeke mbichi niliomwomba jirani.

Mzee Hilali alichungulia kikapu. "Mwanangu, umekuja kununua kisu ao kupika?"

"Nimekuja kujaribu, mzee."

"Haya, jaribu. Lakini kwanza niambie. Hivi vinaitwa visu vya mfukoni. Mutoto mwanamke, mfuko yako iko wapi?" Akacheka sana, na wateja wake wakacheka pamoja naye.

Nikamwonyesha pindo la nguo. Akaacha kucheka, akasema, "Eh. Kweli."

Alitandika visu vitatu juu ya mkeka, vyote vya Wadachi. Nilivitazama nikaona visasi vyangu vitatu vimelala pale vimekunjwa.

Kikubwa kilikuwa na mpini wa pembe, na bapa lake likifunguliwa lilikuwa refu kama kutoka kifundo cha mkono wangu mpaka ncha ya vidole. Ndugu yake kile cha Feruzi. Nilipokishika niliuona mtumbwi wake mdogo, ule anaojivunia, umefungwa kwenye kigingi chini ya nyumba yao. Kwa bapa hilo ningekata kamba kwa mkono mmoja nikiwa ninapita tu na mtungi wangu, na upepo wa mchana ungefanya yaliyobaki. Asubuhi Feruzi angesimama ufukweni akiuliza watu wa ng'ambo kama wameuona.

Cha kati kilikuwa cha mpini wa mbao nyeusi. Hicho kilinionyesha kanzu yake mpya ya Idi, ambayo mama yake ameikunja kwenye sanduku na kuionyesha kila mgeni. Mpasuo mmoja mgongoni, kutoka shingoni kushuka chini, ukashikizwa kwa uzi dhaifu. Aende nayo msikitini. Ainame kwenye rukuu.

Kidogo kilikuwa kama mdudu, bapa lake halipiti kiungo cha pili cha kidole. Hicho kilikuwa cha kalamu zake. Alinifanyia mshazari, nami nimfanyie.

Nilianza na kikubwa, kwa kuwa hasira hupenda vikubwa. Kamba kiliikata mara moja. Baba alikuwa ananitazama. "Mwamvua, hicho unakwenda kumchinja nani?" Nikasema najaribu tu. Kisha nikajaribu tete, na tete likapasuka kutoka ncha hadi katikati. Nikajaribu tena polepole, likapasuka tena. Bapa refu likishikwa kwenye mpini, ncha yake iko mbali na kidole gumba. Unaisukuma bila kuiongoza. Na mgongo wake ni mnene, unaingia kwenye tete kama shoka kwenye gogo. Nilipokikunja nikakifunga kwenye pindo, nguo ikavutwa upande mmoja ikaninyima heshima. Mzee Hilali akageuza uso, Mungu ambariki, na mimi nikakitoa upesi.

Kidogo kililichonga tete vizuri ajabu. Nikafurahi. Lakini kwenye mukeke kikawa taabu: bapa limezama lote na bado sijaufikia mfupa, vidole vimejaa magamba, na utumbo umeingia kwenye bawaba. Muhogo ndio hakikuuweza kabisa. Kisha nikakifunga kwenye pindo, nikatembea mpaka mlangoni na kurudi, na kilikuwa kimepotea kwenye mikunjo; nilikikuta karibu na kisigino.

"Hicho ni cha makarani," akasema Mzee Hilali. "Watu wasiokula samaki."

Cha kati nilikishika mwisho. Nilipokifungua niliweka bapa lake kando ya kidole changu cha kati, navyo vilikuwa sawa, kama watoto pacha. Kidole gumba kilifika karibu na ncha bila kujinyosha. Tete lilikatika bila kulia. Mukeke ulifunguka mpaka chini. Kamba haikukatika mara moja, ilibidi nivute mara kadhaa, lakini ilikatika. Muhogo ulimenyeka. Kikikunjwa kinajificha chote ndani ya ngumi yangu, na kwenye pindo kilikaa pale nilipokiweka.

Nilifikiri jambo hili nikiwa nimechuchumaa pale kwenye mkeka. Kidole changu najua kilipo hata nikifumba macho. Bapa likiwa refu kuliko kidole, sehemu iliyozidi siijui, nayo ndiyo itakayoharibu. Likiwa fupi, nitalisukuma kwa nguvu ya hasira mpaka linikate mwenyewe. Na kitu kingine nilikiona, ambacho hakikunipendeza: kisasi cha kamba ni cha siku moja. Cha kanzu, siku moja. Nitakuwa na kisu hiki labda mpaka niwe na wajukuu. Siwezi kuchagua bapa kwa ajili ya mtumbwi wa Feruzi.

"Hiki," nikasema.

Baba akauliza kama nina hakika, maana kile cha pembe ni kizuri zaidi kwa macho. Nikasema nina hakika.

Hasira haikupungua. Ilibaki ileile, ikiwa na kisu cha kiasi.

Tuliporudi, na wanaume walipokwenda msikitini, nilikaa na Bibi ukumbini. Yeye alikuwa anapepeta, mimi nikachagua tete moja refu, kavu, lililonyooka, nikaanza kuchonga kalamu za kesho. Niliikata ya kwanza sawa kama ukucha. Nikaijaribu. Ilitiririka.

Ndipo Feruzi akaja, sala imekwisha. Alipita kwenye matete kama anavyopita tangu tukiwa watoto, amevaa kanzu yake ya kila Ijumaa, mkononi ana fungu la vijiti vilivyopasuka.

"Amahoro, dada. Shikamoo, Bibi."

Bibi akaitikia. Mimi niliendelea kupuliza unga wa tete.

"Kumbe umenunua kisu." Akakaa bila kukaribishwa. "Mudogo hivi?"

"Kinatosha."

Akavitandaza vijiti vyake. Vyote vilikuwa na ule mpasuko niliouona asubuhi dukani, kutoka ncha hadi katikati. Nikaelewa kabla hajasema. Kalamu nzuri alizoandikia Jumatatu hakuzichonga yeye. Alichongewa na karani wa boma, akakiri mwenyewe; sasa zimechakaa, na karani amesafiri kwenda Usumbura. Kile kisu kirefu kinachosema ta! hakiwezi kutengeneza kalamu hata moja. Kinaweza mshazari wa kuharibu tu.

"Nichongee moja, Mwamvua. Moja tu."

Mwamvua. Wiki nzima nilikuwa Madoa.

"Ulizikata zangu mshazari."

"Aa, dada, usikasirike. Ulikuwa mchezo."

Mchezo! Minago, mawese, moshi machoni, herufi zikinitoka kichwani moja baada ya moja kwa kukosa kutumika: mchezo. Nadhani alikiona kitu usoni mwangu, kwa sababu aliinamisha kichwa akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake ameapa, asipopata nafasi kwa Mwalimu ataanza kubeba mizigo na wapagazi wengine. Mabega ya Feruzi si ya mizigo, hilo kila mtu analijua. Nilimhurumia kidogo. Kidogo sana, kisha nikakumbuka kwato za ng'ombe.

Bibi hakuinua macho kwenye ungo wake. "Kisu haina ndugu," akasema, "lakini mwenye kisu iko nao." Kisha akaendelea kupepeta, kana kwamba amesema habari ya hali ya hewa.

Nilikata kipande kutoka kwenye lile tete langu, lilelile la kalamu zangu. Nikachonga ubavu, nikapasua mkondo wa wino, nikafika kwenye ncha. Nikaweka bapa juu yake.

Nikaliweka mshazari.

Feruzi alikuwa anatazama kuku. Mshazari mdogo tu, wa jicho lenye haraka. Kesho ncha ingejichimbia, ingenasa, ingeruka. Darasa lingecheka. Nafasi ingekuwa yangu. Kidole changu gumba kilikuwa tayari kwenye mgongo wa bapa, na naapa kwamba lilikuwa na hamu ya kushuka.

Kisha nikawaza atakavyosema. Atasema: Mwamvua ndiye aliyenichongea. Atakuwa na sababu, kama mimi Jumatatu nilivyokuwa na sababu. Watu watabishana miezi mingi ni nani aliyekuwa bora, na hata mimi mwenyewe sitajua.

Sitaki awe na sababu. Nataka ashindwe akiwa na kalamu nzuri kuliko zote alizowahi kushika, aitazame karatasi yake na asione wa kumlaumu. Hicho ndicho kisasi cha nne, ambacho sikukiona kwenye mkeka wa Mzee Hilali.

Nikaligeuza bapa, nikakata sawa.

Nikampa. Akaipokea, akafungua mdomo ashukuru, halafu akaufunga. Akaiinua ile kalamu kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye ncha. Akaigeuza upande wa pili.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimechonga."

"Ndiyo, lakini umefanya nini?"

"Imekatwa sawa, kaka. Ni tete moja na zangu. Kesho ukiandika vibaya, usiseme kalamu."

Alinitazama, akaitazama kalamu, akanitazama tena. Akamgeukia Bibi: "Bibi, ulimwona?" Bibi akamwambia macho yake hayaoni hata mawe kwenye mchele. Feruzi akaondoka akiwa ameishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota ng'e.

Hanisadiki. Sikulitegemea hilo, na limenifurahisha kuliko chochote wiki hii. Mtu aliyekata mshazari kwa wengine hawezi kuiona ncha iliyo sawa hata akiwekewa puani. Sasa hivi ninapoandika, kupitia matete namwona amekaa nyuma ya nyumba yao anaijaribu kwenye jani la mgomba. Inaandika vizuri. Anaifuta, anaijaribu tena. Inaandika vizuri tena. Anatikisa kichwa.

Najua ninachokihatarisha. Feruzi ana mwandiko mzuri, na nimempa kalamu ya kuuonyesha. Huenda kesho akashinda. Nikishindwa nitakwenda Minago na kisu changu kwenye pindo, nitamenyea muhogo wa shangazi, na kila nitakapokifungua nitakumbuka kwamba ningeweza kukata mshazari na sikukata. Je, nitajivunia hilo, au nitajilaani nikiwa katikati ya moshi? Sijui.

Ninachokijua ni kwamba yeye kesho ataandika kwa mkono unaoogopa kalamu yake. Wangu hauogopi. Maneno haya ya mwisho nimeyaandika kwa kalamu ya kesho, ili niujaribu mkono wangu, na nimeitazama karatasi yote juu hadi chini.

Haina doa.